Hao makadeti wa Silang mumewaandika nusu nusu

Mhariri, salaam aleikum na poleni na kazi.

Mimi ni soja wa geti hapa Doha, mwaka wa saba huu, kwetu ni Likoni. Gazeti lenu nalisoma kwa simu nikiwa zamu ya usiku manake kutoka saa nane mpaka saa kumi hakuna gari linaloingia wala kutoka, na ukiyaacha macho yapumzike kidogo tu ushalala na supavaiza huyo keshafika na tochi. Wiki iliyopita mliandika habari za chuo cha maafisa wa polisi cha Ufilipino mkakisifu kweli kweli, gwaride, glavu nyeupe, nidhamu, mkasema ndicho kilichotoa wakuu wote wa polisi wa nchi ile na kwamba sisi huku tuige. Siku mbili baadaye mkachapa barua ya msomaji wa Nakuru, yeye akasema hicho si chuo, ni kiwanda cha wauaji, akataja vita vya madawa ya kulevya vya Duterte, rais wao wa zamani, na akamaliza hapo. Zote mbili nilizisoma pale kibandani, nikamsomea na mwenzangu wa zamu ambaye ni Mfilipino, nikimfasiria kwa kile Kiingereza chetu cha kempu ya wafanyakazi. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema wote wawili hawajui, akaendelea kula wali wake.

Huyu mzee tunamwita Kuya, kwa lugha yao ni kama kusema kaka mkubwa, hata Wanepali wa kempu wanamwita hivyo hivyo. Binti yake amehitimu kwenye hicho chuo. Jina la binti silitaji wala mwaka aliotoka, kwa sababu yuko kazini na mengine nitakayoyasema si ya kumfurahisha mkubwa wake.

Nianze na kosa lenu ndo niende kwa lingine. Si kweli kwamba chuo hicho, wenyewe wanakiita PNPA, kimetoa wakuu wote wa polisi. Polisi ya taifa iliundwa 1991 na kuanzia hapo mpaka katikati ya 2025 wakuu walikuwa wanatoka PMA, ambacho ni chuo cha kijeshi kule milimani Baguio. Tena darasa moja tu la PMA, la 1986, lilitoa wakuu wanne: dela Rosa, Albayalde, Gamboa, Cascolan, mmoja anatoka mwenzake wa darasa anaingia, kama kiti cha nyumbani kwao. Mhitimu wa kwanza wa PNPA kukalia hicho kiti ni Nicolas Torre wa darasa la 1993, aliapishwa Juni 2025, na hakumaliza hata miezi mitatu. Nitarudi kwake. Hilo la madarasa lishikeni, manake mimi naona ndo ufunguo wa mambo yote na nyinyi mlilipita kama basi linalopita stendi bila kusimama.

Chuo chenyewe kilianzishwa 1977 kwa amri ya Marcos baba, huyu rais wa sasa ni mwanawe, na wakati ule nchi ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi. Polisi walikuwa wamefungwa kamba moja na Constabulary ambao ni wanajeshi. Marcos alipong'olewa 1986, katiba iliyofuata ya 1987 ikasema polisi iwe moja, ya nchi nzima, na iwe ya kiraia, na ndo 1991 ikaja hii polisi ya sasa. Lakini kadeti bado anafunzwa kijeshi, kiatu cha kijeshi, saluti ya kijeshi. Nilimuuliza Kuya sasa uraia wenyewe uko wapi, akacheka, akasema uko kwenye cheti. Cheti kweli ni cha digrii, sayansi ya usalama wa umma, miaka minne.

Kambi iko Silang, mkoa wa Cavite, kusini ya Manila ukielekea Tagaytay, sehemu ya mananasi na kahawa na kibaridi kidogo. Imehamia hapo miaka ya tisini, zamani walikuwa wanahamahama. Ili uingie uwe umemaliza shule, uwe na miaka kati ya 18 na 22, huna mke wala mume wala mtoto, alafu mtihani, alafu daktari, alafu mbio. Wanaoomba ni maelfu, wanaochukuliwa ni mia chache. Ukishachukuliwa hulipi chochote, unalipwa wewe. Mhariri wewe una mshahara labda hili hulioni uzito wake, lakini baba anayelinda geti Doha, mtoto wake anapata digrii bure na analipwa na akitoka ni afisa, hiyo kwa familia ni kama kushinda bahati nasibu na kupata msamaha wa Mungu siku moja. Kuya anasema kijijini kwao walichinja nguruwe.

Mwaka wa kwanza hakumsikia. Simu hakuna. Kadeti mpya wanamwita plebo, na plebo hana jina, hana maoni, hatembei bali anakimbia, akiulizwa jambo anajibu kwa sauti ya kupasua koo. Ilipofika siku ya kuruhusiwa kuongea na wazazi, dakika chache tu, binti hakuuliza habari za nyumbani, aliuliza baba unaweza kutuma rangi ya viatu. Nyeusi. Mikebe mingi. Kuya akaenda supamaketi ya hapa mtaa wa viwanda akanunua mikebe kumi na miwili na soksi nyeusi pea ishirini, nilikuwa naye, akaipanga mmoja mmoja kwenye lile boksi lao kubwa la kutuma nyumbani, kati ya shampuu na maziwa ya unga, na kila mkebe akauzungushia gundi ya karatasi usije ukafunguka ukachafua nguo. Nikamwambia Kuya hiyo rangi kwani Ufilipino hakuna. Akasema ipo, lakini ya kwake ameiomba kwangu.

Baadaye ndo tukajua kwa nini mikebe mingi. Si yake peke yake. Kule mmoja akikutwa kiatu hakijang'aa wanaadhibiwa wote, pushapu wote, kukimbia wote, usiku wote wanaamshwa. Kwa hivyo ukiwa na rangi nawe jirani yako hana, rangi yako ni yake. Akiwa hawezi kukimbia mnamburuta. Akiwa hajui hesabu mnamfunza usiku kwa kunong'ona. Mwisho wa mwaka kuna siku wale wa juu wanawapa mkono, wanawaita kwa jina, sasa wewe ni mtu. Video ya siku ile Kuya aliiangalia kibandani nafikiri mara arobaini, binti amekonda, shingo imekuwa ndefu, analia na kucheka pamoja, na waliomzunguka wanalia vile vile. Wale ndo mistah wake. Hilo neno mulishike pia. Mistah ni mtu mliyetoka naye darasa moja, na si kama sisi tunavyosema nilisoma na fulani. Mistah ni zaidi ya ndugu, unaweza kukaa miaka ishirini hujamuona akakupigia saa tisa usiku na ukatoka.

Kila darasa linajipa jina lake pia. La 2022 ni Alab-Kalis, alab ni mwale wa moto na kalis ni upanga. La 2024 ni Layag-Diwa. Diwa ni roho, au fahamu, na layag Kuya alipata tabu kunieleza mpaka akachora, kumbe ni tanga, tanga la chombo, mimi mtu wa Likoni nikacheka nikamwambia hilo ungelianza nalo. Jina hilo watakufa nalo. Akistaafu akiwa jenerali bado wataandika jina lake na darasa lake.

Waliotoka Silang hugawanywa njia tatu, polisi, zimamoto, na magereza ya mahabusu. 2019 ikapita sheria ya kukiweka chuo chini ya polisi wenyewe. Huo mgawanyo mtauona kama jambo dogo la ofisini lakini Kuya anasema ni mzuri vile mistah mmoja yuko kituoni, mwingine yuko kwa gari la zimamoto, mwingine anashika funguo za jela, likitokea jambo wanapigiana tu.

Na mambo hutokea kule jamani. Vimbunga kama ishirini kwa mwaka vinaingia sehemu yao, volkano, mitetemeko. Januari 2020 mlima Taal ulipolipuka majivu yaliangukia Tagaytay na Silang, kwa hivyo kadeti hahitaji kupelekwa mbali kufunzwa maafa, maafa yanamfuata kitandani. Novemba 2013 kimbunga walichokiita Yolanda kiliua watu wasiopungua 6,300, na Tacloban siku zile za kwanza polisi wengi wa mji hawakuonekana kazini kwa sababu na wao nyumba zimekwenda na watu wao wamekwenda, ikabidi waletwe polisi wa mikoa mingine kuokota maiti na kulinda chakula. Hivyo ndivyo kazi ya polisi kule ilivyo kwa sehemu kubwa, si bunduki. Binti ya Kuya kazi yake ya kwanza baada ya nyota begani ilikuwa shule ya msingi iliyojaa watu waliokimbia mafuriko, na yeye anasimamia foleni ya mchele na samaki wa mkebe. Alimtumia baba yake sauti kwa simu, nyuma unasikia watoto wanalia na mvua juu ya mabati, akamwambia Papa miaka minne nimefunzwa kulenga shabaha na leo siku nzima nimegombana na mama mmoja aliyejipanga mara mbili. Alipogombana naye sana akagundua yule mama ya pili anampelekea jirani ambaye mguu umevunjika. Basi akambeba yule mwenye mguu akamleta mbele ya foleni. Mgongoni. Kuya alivyokuwa ananieleza hivyo alikuwa anajipiga mgongo wake mwenyewe.

Sasa yupo kwenye dawati la wanawake na watoto, kila kituo kule kina dawati kama hilo, kesi za waume wanaopiga, watoto waliochezewa. Wana sheria yao ya 2004 ya ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kazi ya kukaa na karatasi na kusubiri mtu aache kulia ili aandikiwe.

Huduma nyingine ni ya kufa. Januari 25, 2015, Mamasapano, Mindanao. Kikosi maalum cha polisi, SAF, kiliingia usiku kumfuata mtu wa mabomu anayeitwa Marwan. Wakamuua. Wakati wa kutoka wakazingirwa kwenye shamba la mahindi na asubuhi ikawapasukia hapo, wakafa 44, thelathini na watano wa kampuni moja tu, na kwa hao 44 walikuwemo maafisa vijana waliotoka Silang. Ukitaka kumuona Mfilipino mzima akibadilika uso mtajie SAF 44. Lakini mulizeni kwa nini wanajeshi waliokuwa karibu hawakujua mapema. Mkuu wa polisi wakati ule alikuwa amesimamishwa kazi kwa kesi ya rushwa na bado alikuwa ndani ya mipango, meseji zinatoka kwake zinakwenda kwa kamanda wa SAF, na kamati ya uchunguzi ya polisi wenyewe ikasema mnyororo wa amri ulivunjwa. Wale wawili wote ni wa PMA, mmoja darasa la 1981 mwingine la 1982. Vijana wakalipa.

Hapo ndo Mhariri ninapoanza kuachana na makala yenu. Kamba inayomfunga mistah na mistah ni ile ile, haijui sasa hivi inavuta mtu kutoka kwa maji au inamfunga mtu mdomo. Mlisifu nidhamu ya Silang. Sawa. Machi 2018, siku ya kuhitimu, sherehe imekwisha, makofi yamekwisha, wahitimu sita wa darasa la Maragtas walipigwa na kadeti wa chini yao. Walikuwa wanalipiza. Yaani miaka wanateswa na hawa, sasa hawa wametoka, wana dakika chache kabla hawajaondoka, basi. Septemba 2021 kadeti mmoja akafa ndani ya kambi baada ya kupigwa ngumi za tumbo na kadeti aliyemtangulia mwaka mmoja. Na nchi ilikuwa na sheria ya kuzuia mateso ya kukaribishana vyuoni tangu 1995, ikakazwa zaidi 2018, zaidi kwa sababu ya mwanafunzi wa sheria aliyeuawa na chama chake cha chuo mwaka uliotangulia. Sheria ipo, polisi ndo hao wanafunzwa kuisimamia, na mtu anakufa bwenini kwao. Nilimuuliza Kuya kama binti alipigwa. Akasema sijamuuliza. Nikamwambia miaka yote hujamuuliza? Akasema atanijibu nini, na nikijua nitafanya nini nikiwa Doha.

Nyinyi mkiandika makala mkaishia kwenye glavu nyeupe mnamdanganya mzazi wa huku anayetaka kumpeleka mwanawe Kiganjo, chuo chetu cha polisi. Huko nako tuambieni yanayoendelea usiku.

Sasa kwa huyu ndugu yangu wa Nakuru. Yeye amesema kiwanda cha wauaji na mimi sitamwambia amekosea kusikitika. Kuanzia Julai 2016 hesabu ya serikali yenyewe ya waliouawa kwenye operesheni za polisi za madawa ilipita 6,000, na hiyo ni ya serikali. Kila ripoti ilikuwa na neno moja, nanlaban, maana yake alipigana. Alitoa bunduki, alipigana, tukampiga. Agosti 16, 2017 huko Caloocan wakamuua mtoto wa miaka 17, Kian delos Santos, wakaandika hivyo hivyo, nanlaban. Ila kamera ya mtaa ilikuwa imewapiga picha wakimburuta, na bunduki ilikutwa mkono wa kushoto na kwao wanasema alitumia wa kulia. Walioshuhudia walisema alikuwa anaomba, Tama na po, inatosha jamani, kesho nina mtihani. Hiyo po, Kuya alinieleza, ni neno la heshima, mtoto analitia akiongea na mkubwa, huwezi kulitafsiri, ni kama shikamoo lakini linaingia ndani ya kila sentensi. Yule mtoto anauawa na bado anawapa shikamoo yao.

Askari watatu walifungwa Novemba 2018, kifungo mpaka miaka 40. Sasa tazameni vyeo vyao. Vya chini, vyote vitatu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na cheo cha kutokea chuo cha maafisa. Kwa hivyo ukisema Silang inatengeneza waliovuta risasi umekosea mlango. Swali lake ni lingine na ni zito zaidi: aliyesaini ile karatasi ya nanlaban ni nani, aliyekaa ofisini akapokea karatasi kama hizo kumi kwa wiki na zote zimeandikwa maneno yale yale na hakuuliza ni nani. Hao ndo wana digrii. Hao ndo wana mistah makao makuu. Huyo kuruta wa cheo cha chini hana mistah jenerali wa kumpigia usiku, akishikwa ameshikwa. Mimi nimetoa mia mbili kwa afande barabarani kwetu mara nyingi nimepoteza hesabu, na sijawahi kuona bosi wake amesimama pale kwenye jua akipokea, lakini nani hajui inapokwenda. Wafilipino wana neno la hicho kitu kidogo, wanaita kotong. Na polisi mjinga asiyefaa wanamwita pulis patola. Patola nilipoitazama kwa simu ni dodoki! Lile la kuogea, afande dodoki, hiyo nimeichukua naomba mnisamehe.

Narudi kwa Torre. Huyu ndo aliyeongoza kukamatwa kwa yule mhubiri Quiboloy, Davao, Septemba 2024, walizingira eneo la kanisa wiki mbili. Machi 11, 2025 Duterte mwenyewe akishuka ndege kutoka Hong Kong akakuta hati ya mahakama ya kimataifa, na aliyesimama mbele yake ni Torre, usiku huo huo akapandishwa ndege ya The Hague. Miezi mitatu haijaisha akawa mkuu wa polisi. Akaja na la dakika tano, ukipiga simu ya dharura polisi awe amefika ndani ya dakika tano, kitu alichoanza nacho alipokuwa kamanda Quezon City. Na kuna sarakasi ya Julai, mtoto wa Duterte, Baste, aliyekuwa anashika umeya wa Davao, akasema angempiga ngumi yule jenerali, jenerali akasema sawa, tufanye ya hisani kwa walioathirika na mafuriko, akafanya mazoezi, Julai 27 akapanda ulingoni na glavu zake na Baste hakutokea. Akainuliwa mkono peke yake. Kempu nzima ilikuwa kwa simu ya Kuya, Wabangladeshi wanapiga makofi hata hawajui ni nani.

Agosti akaondolewa. Alikuwa amehamisha majenerali, tume inayosimamia polisi ikasema rudisha, mvutano, basi. Aliyewekwa ni wa PMA, darasa la 1992. Kiti kikarudi Baguio. Hapa mtu anaweza kusema ni siasa tu, na siasa imo, lakini binti ya Kuya aliposikia alituma meseji ya maneno mawili, tumerudi nje. Tume. Hakusema amerudi nje. Tangu hapo ndo nilielewa hii kitu inavyokaa ndani yao, kwa sababu Torre yeye hajawahi kumuona uso kwa uso.

Na hili la mwisho nimeruhusiwa na Kuya kulisema. Mwaka jana lilikuja lalamiko kwenye kituo cha binti, mwanamke mwenye kibanda cha kuuza nyama za kuchoma, anasema afisa mmoja wa kituo cha jirani anamtoza kila wiki na sasa anataka na mengine. Kwa sababu ni mwanamke na ni mambo hayo akaelekezwa dawati lake. Afisa aliyetajwa ni mistah. Ndiye aliyekuwa akimburuta binti mbio za asubuhi mwaka wa kwanza, rangi ya viatu ya Doha alipaka yeye pia. Binti akamuandikia yule mama maelezo yake, kurasa mbili, akamsomea, mama akatia sahihi, yakaenda juu. Kabla hata hayajafika huko juu mistah watatu walishampigia, hawakumtisha, walimuuliza tu habari za afya yake na habari za Kuya. Baadaye akatolewa kwenye grupu ya simu ya darasa. Hakuna aliyesema kwa nini. Kulikuwa na mkutano wa darasa Desemba, chakula cha jioni, alijua kwa kuona picha.

Kuya aliniambia hayo saa tisa usiku geti likiwa limefungwa na AC ya kibanda imeharibika, na mimi nikamuuliza kama anajuta kumpeleka. Hakujibu hilo. Alisema alipompigia kumpa pole, binti alimwambia Papa yule mama alirudi leo kuuliza kesi yake imefika wapi, na mimi sijui imefika wapi.

Kwa hivyo lile kosa la wakuu wa polisi mlirekebishe, mistari miwili inatosha. Na mkichapa barua hii najua ni ndefu mtakata, kateni ya Torre na ngumi, ya Kian muiache. Zamu yangu inaisha saa kumi na mbili.

Soja wa geti,
Doha (kwetu Likoni)